UTUNZAJI WA VYOMBO VYA UPASUAJI WA MIFUGO KATIKA VYAMA VYETU

(Hotuba ya Mkaguzi wa Ushirika mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi, Tabora)



Barua ya Chama Kikuu ilinitaka nizungumze juu ya utunzaji wa mali za kudumu za chama. Hilo ni jambo pana, linalogusa maghala, mizani, magari na nyumba, na wengi wenu mmekwisha kulisikia mara nyingi. Kwa hiyo nimechagua mali moja tu, tena ndogo, ambayo katika vitabu vya vyama vingi huandikwa kwa mstari mmoja: sanduku la vyombo vya mifugo. Ndiyo sababu barua iliwataka makatibu wenye sanduku hilo waje nalo.

Najua wapo watakaouliza, mkaguzi wa hesabu ana shauri gani na visu na sindano? Swali hilo ni la haki, na jibu langu si la kujivunia.

Miaka kumi na miwili iliyopita nilikagua chama kimoja katika mkoa huu, ambacho sitakitaja. Chama hicho kilikuwa kimenunua, kwa fedha za ziada ya mwaka, sanduku la vyombo vya upasuaji wa mifugo: visu, mikasi, vikoleo vya kubania mishipa ya damu, burdizo ya kuhasia, mabomba ya sindano na trokari mbili. Kwa wasioijua, trokari ni chuma chenye ncha kali mfano wa mkuki mfupi, kilichovikwa ala nyembamba. Mnyama anapojaa gesi tumboni huchomwa nayo ubavuni upande wa kushoto, kisha chuma kikachomolewa na ala ikabaki, gesi ikatoka kwa kupitia humo. Nilikuta katika daftari la mali imeandikwa: sanduku la vyombo vya mifugo, moja, lipo, hali nzuri. Nililiona sanduku lenyewe juu ya kabati. Lilikuwa la bati, limepakwa rangi ya kijani, na kufuli lake lilikuwa zima. Nikatia alama, nikatia saini, nikaendelea na hesabu za pembejeo.

Mwezi wa Desemba mwaka ule ule, mama mmoja mwanachama, mjane, alipata msiba wa maksai. Ninyi wenyeji wa Tabora mnajua maembe yanavyoanguka wakati wa mvua za kwanza, hasa chini ya miembe ya zamani iliyopandwa kando ya njia za misafara. Maksai yule alimeza embe zima, likamkwama kooni. Ng'ombe aliyezibwa koo hawezi kucheua wala kutoa hewa, na tumbo lake kubwa huendelea kutengeneza gesi. Ubavu wa kushoto ulipanda mpaka ukapita uti wa mgongo. Afisa mifugo aliitwa, akafika kwa pikipiki jua linazama, akafungua sanduku la chama. Trokari ya kwanza ilikuwa imegandamana na ala yake kwa kutu na damu iliyokauka tangu ilipotumika mara ya mwisho. Ya pili vile vile. Waligonga kwa jiwe, wakamwagia mafuta ya taa, haikufunguka. Mnyama akaanza kuyumba. Mwishowe alitobolewa kwa kisu cha jikoni kilichopanguswa kwa kanga.

Gesi ilitoka na embe likasukumwa, na usiku ule watu walishukuru Mungu. Lakini tundu la kisu halina ala. Maji ya tumboni yalivujia ndani ya mwili, na uchafu wa kisu ukaingia pamoja nayo. Siku ya nne maksai akafa. Alikuwa mmoja wa jozi ya kulimia, na majembe yalikuwa ndiyo kwanza yametoka.

Katika Mkutano Mkuu uliofuata nilikuwapo kusoma taarifa ya ukaguzi. Mama yule akasimama, akaomba aonyeshwe daftari la mali. Akalisoma polepole, kisha akanigeukia mimi, wala si katibu. Akasema, "Mwanangu, humu umetia saini hali nzuri. Hali nzuri ya sanduku au ya vyombo?"

Sikuwa na jibu. Mkutano ulibishana mpaka jioni. Wapo waliomlaumu mtumiaji wa mwisho aliyerudisha trokari zikiwa na damu, wapo waliomlaumu katibu aliyezifungia bila kuzitazama. Chama kikakubali kumlipa nusu ya bei ya maksai, na nusu nyingine ikabaki kuwa hasara yake. Tangu siku hiyo sijatia saini juu ya sanduku ambalo sikulifungua, na ndiyo maana nimejifunza, kwa kuwauliza madaktari wa mifugo na mafundi wa maabara, mambo nitakayowaeleza.

Lakini kwanza naomba mnivumilie nirudi nyuma kidogo, maana ng'ombe wa kulima katika nchi hii ana historia inayohusu vyombo hivi.

Katika karne ya kumi na tisa Tabora ilikuwa njia panda. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, na hapa ikagawanyika, mingine ikashika njia ya Ujiji, mingine ya Karagwe na Buganda. Mizigo yote hiyo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mtu yapata frasila mbili begani au kichwani. Wageni wengi waliona ni upuuzi kutumia watu badala ya wanyama. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price alijaribu njia ya kupitisha maksai kutoka pwani hadi Mpwapwa, na mwaka uliofuata magari ya kukokotwa yakaanza safari. Maksai wakafa njiani kwa mbung'o. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji akaleta tembo wanne kutoka Bara Hindi wawe wachukuzi, na jaribio hilo nalo halikudumu. Wapagazi wakaendelea kubeba.

Sababu ya vifo vile ilionekana mwaka 1895, wakati David Bruce, akifanya kazi katika kibanda huko Zululand, alipotazama damu ya ng'ombe wagonjwa kwa hadubini akaona vijidudu vinavyoogelea ndani yake, kisha akathibitisha kwamba mbung'o ndiye anayevichukua. Mwaka 1905 Wajerumani walianzisha maabara ya mifugo Mpwapwa, juu ya njia ile ile ya misafara, na mahali hapo pangali na kituo cha utafiti wa mifugo hadi leo. Karibu nasi zaidi, pale Tinde, barabara ya kutoka Nzega kwenda Shinyanga, lilianzishwa mwaka 1934 jaribio la miaka mingi la kupitisha vijidudu vya malale kutoka mnyama mmoja hadi mwingine kwa kuumwa na mbung'o, ili ijulikane kama vitapoteza nguvu ya kumdhuru binadamu. Hebu fikirini jaribio la namna hiyo. Sindano moja iliyochovywa katika damu ya kondoo huyu, ikatumiwa kwa yule bila kutakaswa, ingeharibu kazi ya miaka. Watafiti hawawezi kuandika "hali nzuri" kisha wakaenda nyumbani.

Upo mfano mwingine unaofanana sana na habari ya maksai wa yule mama. Huko Morogoro, ambako mafunzo ya shahada ya udaktari wa mifugo yalianza mwaka 1976 na ambako tangu 1984 kipo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, watafiti wa malisho wametumia ng'ombe wenye mlango ubavuni. Daktari hupasua ubavu wa kushoto wa mnyama aliyetiwa ganzi, mahali pale pale panapochomwa trokari, akaushona ukuta wa tumbo kubwa na ngozi, kisha akaweka mlango wa mpira wenye kifuniko. Kwa mlango huo huingizwa vifuko vidogo vya nailoni vyenye nyasi au mashudu, vikatolewa baada ya saa kadhaa na kupimwa ili ijulikane ni kiasi gani kimeyeyushwa. Mnyama huyo hula, hucheua, hunenepa, naye anaweza kuishi miaka akiwa na tundu kubwa kuliko lile la kisu cha jikoni. Ubavu ni ule ule wa kushoto. Tofauti ni ustadi wa mkono, na usafi wa chuma.

Basi tuje kwenye chuma chenyewe.

Kosa la kwanza linalotendeka vijijini ni maji ya moto. Mtu akimaliza kupasua huchukua vyombo vyenye damu akavitia katika maji yanayochemka, akidhani amefanya vizuri. Damu ikikutana na maji ya moto huganda juu ya chuma kama yai juu ya kikaango, na chini ya ganda hilo vijidudu hustarehe. Vyombo vioshwe kwanza kwa maji baridi, mara moja, kabla damu haijakauka. Kisha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa burashi laini, huku mikasi na vikoleo vikiwa vimefunguliwa bawaba. Uchafu hujificha bawabani na katika meno ya vikoleo. Trokari itolewe katika ala, na ala ipitishwe burashi nyembamba au kitambaa kilichofungwa kwenye waya mpaka kitoke cheupe. Nasisitiza: trokari na ala yake zisilale pamoja zikiwa na unyevu hata usiku mmoja.

Baada ya kuosha ndipo huja kutakasa, na hapa naomba makatibu waandike. Kuchemsha katika sufuria ya kawaida kwa dakika 20 huua vijidudu vingi, lakini haviui vile vinavyojifungia ndani ya ganda gumu, kama vya pepopunda, vya kimeta na vya chambavu. Tena sisi wa Tabora tuna hasara ya ziada. Mji huu uko yapata mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za sentigredi, wala hayafiki 100. Ukiongeza kuni hayazidi, yanakwisha tu. Njia ya kupata joto kubwa zaidi ni kuubana mvuke, yaani kutumia sufuria ya mvuke yenye mfuniko wa kufungwa kwa skrubu, ile ambayo hospitali huiita otoklevu.

Kitabu cha sufuria hiyo kitawaambia mfikishe mshale kwenye ratili 15 kwa inchi ya mraba, ili mpate nyuzi 121. Kitabu hicho kiliandikwa kwa ajili ya mtu aliye pwani. Huku kwetu, ambako hewa ni nyepesi, mshale ufike ratili 17, mradi chombo chenyewe kiwe kimeandikwa kwamba kinastahimili kiasi hicho. Kabla ya kufunga vali, uacheni mvuke utoke kwa nguvu dakika kadhaa ili uifukuze hewa ya ndani, kwa sababu hewa iliyobaki humfanya mshale aseme uongo. Hesabuni muda tangu mshale ufike mahali pake: dakika 20 kwa vyombo vilivyo wazi, dakika 30 kwa vilivyofungwa katika kitambaa. Mpira wa mfuniko ukaguliwe kila mara, na vali ya usalama isizibwe kwa kijiti kwa sababu inapiga kelele. Nimeona imezibwa. Sufuria hiyo ikipasuka, watakaopasuliwa ni binadamu.

Chama kisichoweza kununua sufuria ya mvuke kichemshe hivyo hivyo, ila kwa muda mrefu zaidi, na vyombo vitumike siku ile ile. Maji yawe ya mvua, kwa kuwa maji ya visima vyetu vingi yana chumvi inayoacha magamba juu ya chuma. Soda ya kufulia, kiasi cha gramu 20 kwa lita moja, husaidia kuzuia kutu na kuondoa mafuta. Maji ya jiki yasitumike kulowekea vyombo vya chuma, hata vile vinavyosifiwa kwamba havishiki kutu. Jiki hutoboa vitundu vidogo, na katika vitundu hivyo ndimo kutu huanzia. Kisha kaushieni kwa kitambaa safi, na mahali pakavu. Tone la mafuta ya cherehani kwenye bawaba linatosha kwa kuhifadhi, lakini lipanguswe kabla ya kutakasa tena, maana mvuke haupenyi mafuta.

Sindano sitaisemea sana, ingawa ndiyo yenye hatari kubwa kuliko kisu. Sindano moja ikizunguka zizi zima inaweza kuhamisha ndigana baridi, na hata vijidudu vya nagana, kutoka ng'ombe mmoja hadi arobaini. Mwanachama aliyelipia chanjo akarudi na ugonjwa hatalipia tena mwaka ujao, wala simlaumu.

Burdizo inahitaji maneno yake. Chombo hiki, kilichobuniwa na Muitalia mwanzoni mwa karne ya ishirini, huponda mshipa wa pumbu bila kukata ngozi, na kwa ajili hiyo kinafaa sana nchi ya nzi kama hii yetu. Lakini kinafaa ikiwa midomo yake imelingana. Nimewahi kukuta burdizo iliyotumika kukatia waya wa uzio, na nyingine iliyohifadhiwa miaka miwili ikiwa imebanwa, mpaka nguvu yake imelegea. Matokeo yake ni fahali aliyehasiwa nusu, ambaye mwenye naye anamwita maksai na majirani wanamwita baba wa ndama. Kipimo ni rahisi: wekeni uzi kati ya karatasi mbili, mbane kwa burdizo. Uzi ukikatika na karatasi zikibaki nzima, chombo kina afya. Karatasi zikikatika, kitakata ngozi. Uzi usipokatika, hakitahasi. Kihifadhiwe midomo ikiwa wazi, na kisiazimwe kwa kazi nyingine yoyote.

Hadubini ni chombo cha maabara zaidi kuliko cha chama, lakini makatibu mnahusika nayo kwa vioo vya damu mnavyopeleka hapa Tabora, kwenye kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari, wakala ulioanzishwa mwaka 2012. Kioo chenye alama ya kidole cha mafuta, au kilichofungwa kikiwa kibichi, au kilichoachwa dirishani nzi wakalamba damu, ni nauli ya basi iliyotupwa. Damu itandazwe nyembamba, ikauke kivulini, na jina la mwenye mnyama liandikwe kwa penseli, kwa sababu wino hufutwa na dawa.

Sasa nirudi kwenye kazi yangu, yaani daftari.

Napendekeza safu ile ya "hali" ifutwe katika ukurasa wa vyombo vya mifugo. Neno "nzuri" halina maana mpaka lijulikane limesemwa na nani, lini, baada ya kufanya nini. Mahali pake iandikwe tarehe chombo kilipotoka, aliyekichukua, mnyama aliyetibiwa na mwenye mnyama huyo, kisha kilivyorudi: kimeoshwa, kimetakaswa, kimekauka, trokari imefunguliwa na kufungwa mbele ya mpokeaji. Anayerudisha atie saini, na anayepokea atie saini. Ni kazi ya dakika tano. Wapagazi wa zamani walibeba mzigo kutoka hapa mpaka pwani, na kila asubuhi mnyampara alijua mzigo upi uko kwa nani. Sisi tunashindwa kujua trokari mbili ziko kwa nani ndani ya kata moja.

Katika makisio ya mwaka, Bodi itenge fedha za vyombo hivi peke yake: visu, mipira ya mfuniko, burashi, sabuni, na kunoa mikasi kwa fundi anayeijua kazi hiyo. Wahasibu wenzangu hupenda kuandika uchakavu wa asilimia fulani kila mwaka wakaridhika. Uchakavu wa karatasini haunoi mkasi. Na chombo kilichoharibika kabisa kiandikwe kimeharibika, kiondolewe kwa azimio, kisibaki sandukuni kuongeza hesabu.

Jambo moja la mwisho juu ya mamlaka. Kumiliki vyombo hakumpi mwanachama ruhusa ya kupasua. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 imeeleza ni nani anayeweza kufanya kazi hiyo, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Wajibu wa chama ni kuhakikisha kwamba mtaalamu akifika, hata jua likiwa linazama, anakuta vyombo vinavyofunguka. Ufunguo usilale kwa mtu mmoja anayesafiri.

Mama yule bado ni mwanachama. Mwaka juzi nilipokwenda kukagua tena, alikuja ofisini akakaa kwenye benchi, akaniangalia nikifungua sanduku na kutoa chombo kimoja kimoja. Hakusema neno. Nilipomaliza akauliza kama nimejaribu na ile ya pili, nikaijaribu.

Ndugu Mwenyekiti, nimeomba jiko la mkaa liwekwe pale nje chini ya mwembe, na maji yamekwisha pata moto. Sufuria ya mvuke nimeazima. Naomba makatibu watoke na madaftari yao na masanduku ya vyama vyao, wafungue wenyewe mbele ya wenzao. Tutaanza na trokari ambazo hazifunguki.